Aliyesimama Kwenye Mizani

Mwalimu Hezroni alipenda kufundisha fasihi saa za ukungu. Pale sekondari ya kata, juu kidogo ya kijiji cha Mhezi, kwenye milima ya Upare, ukungu uliteremka asubuhi kutoka msitu wa Shengena, ukaingia darasani kwa madirisha bila hodi na kutanda juu ya madawati, mpaka wanafunzi wa nyuma wakabaki sauti tupu. Walimu wengine walinung'unika, maana ubao ulikuwa hausomeki. Yeye alifunga andalio la somo, akaegemea ukuta, akasema, "Someni tu. Leo tutasikiliza."

Watu walimjua kwa hilo. Mtu wa kuota mchana, walimwita, wala hakukasirika. Aliwahi kutoka shuleni akiwaza, akaipita nyumba yake mwenyewe, akaenda hadi kijiji cha pili ndipo akashangaa mbona njia imekuwa ndefu. Mkewe, Priska, muuguzi wa zahanati, alizoea kumkuta amesimama jikoni mbele ya sufuria inayochemka maji matupu, chai hajatia, sukari hajatia, macho yameganda kwenye mvuke.

Alichokuwa akikiota, mara nyingi, kilikuwa stesheni ya reli.

Alizaliwa tambarare, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa mwisho wa mzee Yona aliyekuwa mchukuzi wa mizigo. Kabla ya kustaafu na kurudi milimani kulima tangawizi, mzee alikuwa na hadithi moja aliyoirudia kila mara, ya stesheni ile enzi za wakoloni. Palikuwa na mabenchi matatu. La kwanza lilikuwa na mto wa ngozi na paa juu yake, nalo lilikuwa la Wazungu. La pili, la Wahindi, lilikuwa la mbao zilizopigwa randa. La tatu lilikuwa ubao tu juu ya mawe, juani, kando ya tangi la maji, na hilo ndilo lililokuwa lao. Mzee alisimulia bila hasira, kama mtu anayeeleza ramani ya nyumba aliyohama. Mtoto Hezroni alisikiliza mpaka akaweza kuona hata mbu waliocheza juu ya lile tangi.

Alipokuwa chuo cha ualimu, likizo moja, aliandika tamthilia akaiita *Mabenchi Matatu*. Ndani yake mama mmoja, Mama Nakunda, anamleta mtoto mgonjwa stesheni mvua ikinyesha, anakaa benchi la kwanza kwa sababu ndilo pekee lenye paa. Anatokea Mkaguzi wa reli, Mzungu, anaamuru aondolewe. Mchukuzi aitwaye Senzighe anagoma kumbebea Mkaguzi sanduku lake, na kwa kitendo hicho kimoja stesheni nzima inasimama. Aliituma kwa mchapishaji Dar es Salaam. Baada ya mwaka likaja jibu la mistari miwili: kazi nzuri, inafaa kwa jukwaa la shule. Hakujua kama amesifiwa au amefukuzwa. Akaikunja, akaitia kwenye sanduku la bati.

Alipoanza kufundisha aliitoa. Kila mwaka, kabla ya kuingia kwenye vitabu vya mtihani, aliisoma na Kidato cha Tatu kwa wiki tatu. Aliitoa fotokopi Same mjini, na juu ya ukurasa wa kwanza aliandika: Mwandishi hajulikani. Aliona haya kusema ni yeye. Lakini pia, na hili hakulikiri hata kwa Priska, alipenda kusikia watoto wakimsifia mtu asiyejulikana. Miaka ikapita hivyo, thelathini hivi, akafika umri wa miaka hamsini na saba.

Mwaka huo alikuja Careen.

Alihamia kutoka Kihurio, kule chini kwenye mashamba ya mpunga, akawekwa hosteli ya wasichana. Alikuwa mrefu, mkimya, ngozi yake nyeupe kuliko ya mwenzake yeyote pale shuleni, na nywele, ingawa zilinyolewa kama kanuni inavyotaka, zilichomoza na wekundu wa mchanga uliolowa. Alikuwa na wiki mbili tu darasani siku Mwalimu Hezroni alipogawa zile karatasi. Ukungu ulikuwa umeshaingia. Akagawa na wahusika.

"Faraja, wewe Mama Nakunda. Loth, Senzighe." Akainua macho, akaangaza darasa, macho yakatua. "Careen, wewe utakuwa Mkaguzi."

Darasa lilicheka, likapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Careen mwenyewe aliitazama karatasi, akasimama.

Miaka yote waliosoma nafasi ya Mkaguzi walipiga kelele. Walidhani mtu mbaya lazima afoke. Careen hakufoka. Alisema polepole, sauti ya chini, kama anayeomba apewe chumvi mezani: "Mwondoeni huyu. Benchi hili lina wenyewe."

Mwalimu Hezroni alifumba macho. Aliiona stesheni yote, reli iking'aa kwa mvua, mama amemkumbatia mtoto, Mzungu mwembamba mwenye kofia asiye na haja ya kupandisha sauti kwa sababu dunia yote ilikuwa inamsikia. Kumbe ndivyo alivyokuwa! Miaka thelathini na zaidi tangu amwandike, na leo ndipo anamsikia. Kengele ililia, wanafunzi wakatoka, yeye akabaki ameegemea ukuta akitabasamu peke yake.

Hakuona kingine chochote. Hakuona kwamba Careen aliketi akiwa ameikunja karatasi vipande vinane.

Toka siku hiyo wakamwita Mkaguzi. Uwanjani, "Mkaguzi, pasi!" Bombani, "Mpisheni Mkaguzi anywe kwanza." Aliyekuwa mbele kwa utani huo ni Elibariki, monita wa darasa, kijana mchangamfu ambaye hakuwa na roho mbaya, ila hakuweza kuona mzaha ukipita bila kuudandia. Jumatatu ya wiki iliyofuata, kwenye bwalo la chakula, alichukua chaki akaandika kwa herufi kubwa kwenye benchi la pembeni: WAZUNGU TU. Careen alipoingia na sahani yake ya makande, wenzake walisogea wakajaza mabenchi mengine yote, wakicheka, wakimwonyesha lile lenye chaki. Akaenda akakaa. Akala peke yake siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa yake.

Siku ya tatu Mwalimu Hezroni alikuwa zamu. Alipita bwaloni, akayasoma yale maandishi ya chaki, akamwona na msichana amekaa juu yake. Moyo ukamruka kwa furaha. Tamthilia imetoka kwenye karatasi, aliwaza, imeanza kuishi. Akapita zake.

Siku ya nne Careen hakuwepo. Matroni alikuta kitanda kimetandikwa na sanduku halipo. Mchana wakapata simu kutoka Kihurio: mtoto amefika salama kwa bibi yake, naye amesema harudi.

Jioni hiyo Mwalimu Hezroni alimsimulia mkewe. Priska alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi, akamsikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa.

"Baba Anold," alisema, maana mtoto wao wa kwanza, anayefanya kazi Mwanga, ni Anold, "huyo mtoto ulimpa Mkaguzi kwa sababu gani?"

"Kwa sababu anasoma vizuri. Hujapata kusikia, Mama Anold. Anasoma kama..."

"Ulikuwa umemsikia akisoma kabla ya kumpa?"

Mwalimu alirudi kichwani mpaka asubuhi ile ya ukungu, akajiona anainua macho, akaona macho yake yanavyotembea juu ya vichwa, yanavyopita weusi, weusi, weusi, yanavyofika, yanavyotua.

"Hapana," alisema.

Priska aliitupa ndizi kwenye maji. "Haya," alisema, akachukua nyingine.

Jumamosi aliteremka Same mjini, akapanda basi la Kihurio. Njia inazunguka milima kwa chini, upande mmoja nyika ya Mkomazi inaenda mpaka macho yanachoka, upande mwingine ile ile milima aliyotoka, lakini sasa imegeuka bluu na kuonekana haina watu. Mwalimu aliitazama dirishani kama mtu anayetazama picha ya ujana wake. Aliwaza atakachosema, akakisema kimoyomoyo mara nyingi, na kila mara kilikuwa hotuba ya Senzighe kutoka tendo la tatu.

Bibi yake Careen alikuwa mwanamke wa miaka sabini na miwili, jina lake Agatha. Alimkuta ukingoni mwa jaruba lake la mpunga, amefunga kanga kiunoni, miguu imejaa tope, uso wake mweupe umeungua kwa jua mpaka umekuwa na rangi ya matofali.

"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa Careen."

"Marahaba. Nilijua utakuja, wewe au mwingine." Alinawa mikono kwenye mfereji, akaifuta kwa kanga. "Karibu. Hapa hatuna benchi, tutakaa kwenye tuta."

Mwalimu alisikia masikio yakipata moto. Wakakaa. Mpunga ulikuwa umeshika punje, na upepo ukipita juu yake ulifanya sauti ya mtu anayefunua kurasa.

"Nimeisoma hiyo tamthilia yenu," Bibi Agatha alisema. "Amekuja nayo kwenye begi, imekunjwakunjwa. Nimesoma yote. Mwandishi wake anaijua stesheni."

"Anaijua," alisema mwalimu.

"Lakini hakuniona mimi."

Kisha akamsimulia. Baba yake alikuwa Mgiriki, fundi wa korona, ule mtambo wa kukamulia mkonge, kwenye shamba moja lililokwisha kufa siku nyingi. Mama yake, Nakiete, alitoka huko huko Mhezi, akashuka kufanya kazi za ndani. Mimba ilipoonekana, babake Nakiete alituma ujumbe kwamba asipande tena mlima na mtoto wa Mzungu. Yule Mgiriki naye hakuwa mkatili, alileta unga na mafuta kila mwezi, ila hakumruhusu mtoto aingie kwa mlango wa mbele. Watu wa kambi ya wafanyakazi walimwita chotara na kuwaita watoto wao ndani anapopita. Akakulia katikati, kwenye kichochoro kati ya bangaloo la Mgiriki na kambi, pale walipoanika nguo.

"Nikiwa na miaka sita hivi," alisema, "mama alinichukua tupande treni twende hospitali, alikuwa anaumwa. Tukafika stesheni. Yeye akakaa benchi lake, la juani. Akaja mchukuzi wa mizigo, amevaa kaptula ya kaki, akanishika mkono akasema, mtoto huyu hawezi kukaa hapa, ni wa kule. Akanipeleka benchi la Wazungu. Palikuwa na mama mmoja wa Kizungu amefunga mtandio kichwani. Aliniangalia, akamwangalia mchukuzi, akasema neno moja. Yule mchukuzi akaniondoa mbio. Nikarudi kwa mama. Wanawake waliokaa naye wakavuta kanga zao nisiziguse, wakasema, atatuletea matatizo huyu. Mama hakusema kitu. Hakuwa na nguvu ya kusema."

"Ukakaa wapi, mama?"

"Sikukaa. Kulikuwa na mizani ya kupimia mizigo, ile kubwa ya chuma, haina mwenyewe. Nikasimama juu yake. Ule mshale ukacheza cheza, ukatulia. Nikasimama pale hadi treni ikaja, na treni ilichelewa sana siku hiyo."

Mwalimu Hezroni alitazama mpunga.

"Stesheni hiyo ilikuwa ipi?"

Akamtajia. Ndiyo yenyewe.

"Na huyo mchukuzi. Unamkumbuka sura?"

"Mwalimu, nilikuwa mtoto mdogo. Niliona mkono tu. Mkono mpana, una sugu. Ulinishika vizuri, hakunifinya. Hilo nalikumbuka, hakunifinya."

Wachukuzi walikuwa wengi pale, wanane au tisa, baba yake alimwambia. Wote walikuwa na sugu. Mwalimu alijaribu kumwona mzee Yona, kijana, amevaa kaki, anamwongoza mtoto mweupe kwa mkono kwenye jukwaa la stesheni, na kila alipojaribu kuufuta uso ule na kuweka wa mtu mwingine, ulirudi. Hakuwahi kusikia habari ya mtoto juu ya mizani. Labda baba hakuwepo siku hiyo. Labda alikuwepo.

Careen alikuja na chai kwenye chupa na vikombe vitatu. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Careen. Kaa." Zile hotuba zote zilikuwa zimekwisha kichwani. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikupa Mkaguzi kwa sababu ya ngozi yako. Sikukusikia kwanza. Halafu nikaona ile chaki bwaloni, nikapita."

Msichana alimimina chai bila kumwangalia. "Nilikuona ukipita," alisema. "Nilidhani utaifuta."

Akampa bibi yake kikombe cha kwanza.

"Sitaki mtu achapwe kwa ajili yangu," aliendelea Careen. "Wakichapwa ndiyo itakuwa mbaya zaidi. Lakini kuna swali nimekuwa nataka kuuliza darasani. Huyo mwandishi asiyejulikana, kwa nini aliwaweka watu wa aina tatu tu? Mtu kama bibi angekaa wapi?"

"Hakufikiria."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu ni mimi niliyeiandika."

Kwa mara ya kwanza tangu aje shule yao, Mwalimu Hezroni alimwona Careen akicheka. Bibi Agatha naye akacheka, akijipiga paja kwa mkono wenye tope. "Ndiyo maana sauti imekukwisha!" alisema. "Mwenye mali yuko hapa tunamsema!"

"Basi kama ni yako," Careen alisema akiwa bado anatabasamu, "inabadilika."

Careen alirudi shuleni Jumatatu. Mwalimu Hezroni alikuwa amewahi bwaloni mapema na kitambaa kilicholowa, lakini alikuta benchi limeshasuguliwa safi. Nani alilisafisha, hakuuliza. Kipindi cha tatu akaingia Kidato cha Tatu. Hakukuwa na ukungu asubuhi hiyo. Jua lilikuwa kali, na kila mtu alionekana.

"Nina mambo mawili," alisema. "La kwanza, tamthilia hii niliiandika mimi." Minong'ono ikazuka, akaiacha ipite. "La pili, tumeisoma wiki mbili tukijifunza kwamba si haki kumpangia mtu kiti kwa rangi yake. Na siku ya kwanza kabisa, kabla hatujafungua mdomo, nilimpangia Careen kiti kwa rangi yake. Nilimtazama, nikatosheka. Nanyi mkapiga makofi."

Faraja alinyoosha mkono, yule aliyepewa Mama Nakunda.

"Lakini mwalimu, sisi tulikuwa tunatania. Na kuitwa Mzungu si tusi. Wengine si wanapaka hadi krimu ili waonekane hivyo?"

"Muulize mwenyewe," alisema mwalimu.

Faraja akageuka. Careen alikuwa amekaa dawati la tatu, mikono imelala juu ya daftari.

"Kama si tusi," alisema Careen, "mbona nilikula peke yangu?"

Faraja alishusha mkono taratibu.

"Bibi yangu wanamwita hivyo hadi leo, na ana miaka sabini na mbili, na anaongea Kipare kuliko ninyi wote," aliendelea. "Akienda sokoni wanampandishia bei. Akikataa wanasema Mzungu mchoyo. Hajawahi kuona Ulaya hata kwenye ramani vizuri. Mkisema ni utani, na mimi nacheka, nitacheka kwa siku ngapi?"

Elibariki alisimama. Alikuwa ameshika ukingo wa dawati. "Benchi niliandika mimi."

"Tunajua," walisema watu kama kumi kwa pamoja, na kicheko kifupi kikapita, kikafa.

"Nilidhani..." alisema, akamgeukia. "Careen, nisamehe."

"Sawa," alisema Careen. Haikuwa sawa ya kukumbatiana. Ilikuwa sawa ya mtu anayepokea kitu na kukiweka kando akikague baadaye.

Wakagawa wahusika upya. Safari hii darasa zima liligeukia ukuta wa nyuma, na aliyetaka nafasi alikwenda mbele akasoma mistari mitano bila kutaja jina, wengine wakapiga kura kwa kunyoosha mikono wakiwa wameupa mgongo ubao. Wengi walijaribu kubadilisha sauti, kukawa na vicheko. Walipomaliza na kugeuka, Mkaguzi alikuwa Elibariki. Alipogundua, alitaka kukataa.

"Nisisome hii, mwalimu. Mnipe hata kupiga filimbi ya treni."

"Soma," Careen alimwambia. "Ni maneno tu. Mimi niliyasoma."

Akasoma. Alipofika kwenye "benchi hili lina wenyewe" alikwama, akarudia mara mbili. Mwalimu Hezroni aligundua kwamba hakuwa amefumba macho. Alikuwa anautazama uso wa kijana, na nyuso za waliokuwa wanamsikiliza, mmoja mmoja, na hiyo ilimchosha kuliko kuota.

Careen aliandika onyesho jipya, ukurasa mmoja na nusu kwa mwandiko mdogo ulioegemea kushoto. Mtoto anatolewa benchi hili, anatolewa benchi lile, anapanda juu ya mizani. Mchukuzi anamwambia: Shuka, hapo ni pa mizigo. Mtoto anauliza: Na mimi, nikae wapi? Basi. Chini yake hakuandika kitu.

"Senzighe hamjibu?" aliuliza mwalimu.

"Sijui angemjibu nini," alisema Careen. "Wewe unajua?"

Aliichukua ile karatasi nyumbani. Siku kadhaa alikaa nayo mezani na kalamu mkononi, mkono ukimwasha. Alimtaka Senzighe wake aseme neno moja zuri, hata dogo, kwamba njoo mwanangu ukae na mimi juu ya mizigo. Aliweza kuliandika kwa dakika moja. Lakini kila alipoanza, uliingia ule mkono mpana wenye sugu, ambao haukufinya na wala haukumwachia mtoto mahali. Mwishowe aliirudisha kama alivyopewa.

Siku ya wazazi ilikuwa mwishoni mwa muhula. Walicheza nje, kwenye uwanja wa mpira wa pete, mabenchi matatu ya bwaloni yamepangwa kwa mstari, na mizani waliyoazima kwa mnunuzi wa tangawizi. Careen hakucheza nafasi ya mtoto. Alimpa dada mdogo wa Faraja, msichana mweusi mwembamba wa darasa la tatu shule ya msingi, na yeye akasoma sauti ya msimulizi. Baadhi ya wazazi walinong'ona, mbona huyu ndiye mtoto wa Mzungu? Wakafuatilia hadithi, wakaacha kunong'ona. Mtoto alipouliza akae wapi, Loth, aliyekuwa Senzighe, alisimama na kamba ya mizigo begani, akamtazama, akawatazama watu, akanyamaza. Akanyamaza muda mrefu kuliko walivyofanya mazoezi. Kikohozi kimoja kikasikika nyuma. Kisha filimbi ya treni.

Bibi Agatha alikuwa amekaa mstari wa pili, amevaa kitenge kipya. Hakulia, kama Mwalimu Hezroni alivyotegemea. Alikaza macho kwenye mchezo kama mtu anayehakiki hesabu, na ulipokwisha alisema tu, "Ile mizani ilikuwa kubwa zaidi."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda mlima huo. Miaka sabini na miwili aliutazama kutoka chini, ukibadilika rangi asubuhi na jioni, akijua kwamba mama yake alizaliwa huko, na hakuwahi kukanyaga. Alilala nyumbani kwa mwalimu. Priska, ambaye kwa kazi yake ya zahanati anamjua kila mzee wa Mhezi na shinikizo lake la damu, alikuwa ameshaulizia. Mtoto wa kaka yake Nakiete bado yupo, alisema, anaitwa Irine, anakaribia themanini, anaishi nyumba ile ile ya babu yake.

Wakaenda asubuhi, wote wanne, Careen akimshika bibi yake mkono penye utelezi. Bibi Irine alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Priska alimsalimu, akamweleza mgeni ni nani. Yule mzee aliweka ungo chini. Alimtazama Agatha kwa muda mrefu, kwanza usoni, na usoni hakuonekana kupata alichotafuta. Kisha akashuka mikononi.

"Shikamoo dada," alisema Bibi Agatha.

"Marahaba." Bibi Irine aliushika mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena. "Vidole vya shangazi," alisema. "Hivi hivi. Vimepinda hapa." Halafu akaanza kusema Kipare, upesi upesi, na Agatha akamjibu kwa Kipare hicho hicho, cha zamani, chenye maneno ambayo hata Mwalimu Hezroni alikuwa hajayasikia tangu mama yake afariki. Mwalimu alidaka machache tu. Alisikia Bibi Irine akisema kwamba aliyefunga mlango alikuwa babu, lakini baba yake mwenyewe alikuwa na ufunguo na hakuufungua. Alimsikia Agatha akisema, ndiyo, mama alisema hivyo hivyo. Hakukuwa na kilio. Kulikuwa na maelezo mengi, yaliyochelewa sana, yakitoka kwa mpangilio wake.

Careen alisimama pembeni akipepesa macho kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Hakuelewa hata nusu.

"Wewe mtoto," Bibi Irine alimwita kwa Kiswahili. "Chukua kile kigoda ukae hapa, unisaidie maharage. Macho yangu hayaoni wadudu."

Careen akakaa. Priska alitazama saa, akaenda zake zahanati. Mwalimu Hezroni alikuwa na kipindi cha pili, naye alishachelewa. Aliaga, hakuna aliyemsikia. Akapanda njia ya shule haraka haraka, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi alijua vizuri ni wapi anakokwenda.